Nyasi za Alhamisi

Wanajumuiya wenzangu, sogeeni niwaambie, na atakayejiona humu asininunie.

Alhamisi jioni kule Izigo huwa kumetulia. Kahawa imeshaanuliwa, ndizi ziko jikoni, na jumuiya inasali nyumba hii leo, nyingine wiki ijayo. Joviana ndiye aliyeshika orodha ya zamu, na mumewe Kahangwa ndiye mwenyekiti. Nyimbo za kuwahubiria mataifa walizijua zote.

Alhamisi moja mbuzi wa Joviana alikata kamba. Joviana akamfuata hadi kwa Kokwijuka, mjane anayepakana nao shamba. Akakuta sebuleni nyasi mbichi zimetandazwa, kama tunavyomtandikia mgeni wa heshima, na kikapu cha kahawa ya kutafuna pembeni.

"Unangoja wageni, mama?"

"Nawangoja ninyi. Kila Alhamisi natandika. Huu ni mwaka wa tatu."

Joviana aliona aibu hadi masikio yakawaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiliruka jina la mjane huyo kwenye orodha, maana ukoo ulisema Kokwijuka alimwekea mumewe sumu. Ushahidi je? Maneno ya kilabuni tu, na sisi tukayabeba hadi kwenye rozari.

"Hata kusali nimeacha," Kokwijuka alisema taratibu. "Naona Mungu wenu naye anaogopa kahawa yangu."

Joviana alifika nyumbani amefura.

"Wiki ijayo tunasali kwa Kokwijuka."

"Mama Saburi, unataka ukoo ututenge?" Kahangwa alimuuliza mkewe.

"Unaimba habari za mataifa, na mataifa yenyewe yako hapa nyuma ya migomba."

"Ukienda, utaenda peke yako."

"Basi nitaenda peke yangu."

Akaenda kweli, Biblia kwapani. Watu walisimama njiani kutazama, Kahangwa akiwa mbele yao. Kokwijuka alileta kikapu. Joviana akachota kahawa, akatoka nayo nje ili kila mtu aone, akaitia mdomoni na kuitafuna polepole huku akimkazia mumewe macho. Kisha akaomba nyingine.

Felicitas, jirani yao, alivua kandambili akaingia. Mzee Byarugaba akamfuata. Kahangwa alibaki njiani na uenyekiti wake, sala ikaisha bila yeye. Kokwijuka ndiye aliyeanzisha Baba Yetu. Katikati maneno yalimpotea, wakamsaidia.

FUNZO

Ndugu yangu, usinidanganye kwamba wewe ni mfuasi wa Yesu kwa sababu sauti yako ni nzuri kwenye pambio. Habari Njema hupelekwa kwa miguu, na mara nyingi safari yenyewe ni fupi kiasi cha kukutia aibu. Chukua orodha yako leo, utafute nyumba unayoiruka, uende huko. Wakikununia, nenda. Wakikutenga, kaa huko huko, maana nyasi zilishatandikwa zamani na mwenye nyumba anakungoja.