Amplifaya Inayoita Mara Moja

Magharibi ilikuwa inakaribia Bartholomeo alipofika kwenye kibanda cha fundi Maulidi, mjini Shinyanga, amekunja uso kama aliyelazimishwa kuingia choo cha stendi. Alifuata amplifaya. Mwalimu huyu wa kwaya alikuwa na spika mbili nzuri za mbao sebuleni kwake, na alitaka mashine ya kuziendesha. Si ile ya bei ya matajiri wa dhahabu, wala si takataka. Ya kati tu, ya mtu mwenye masikio. Na mjini pale, kwa hesabu zake, mwenye masikio alikuwa yeye peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nionyeshe mashine, si vinyago."

Maulidi akawasha ya kwanza. Taa nyekundu, taa za bluu, taa zinazokimbizana. Ubavuni imeandikwa wati elfu tano.

"Elfu tano!" Bartholomeo alicheka kwa pua. "Haina uzito wa kuku. Transfoma iko wapi? Kawauzie hao wanaofungulia sabufa mpaka mabati ya jirani yanatetemeka."

Ya pili ilikuwa mpya, ya rimoti. Akazungusha kitufe cha sauti, kikacheza mkononi kama jino bovu. Akairudisha. Yeye vitu vya kipuuzi hakuvipotezea maneno, sawasawa na watu wa kipuuzi.

Maulidi alisita. Kisha akainama, akatoa chini ya meza kitu kilichofungwa kwa kitenge.

Kizito. Cheusi. Hakina taa hata moja. Wati hamsini kila upande, wati za kweli. Bartholomeo aliipenda papo hapo, akajikaza asionekane.

"Imetoka Runzewe," Maulidi alisema, sauti ikishuka. "Kwa mwenye duara, shimo la dhahabu. Lilititia, wachimbaji wakabaki chini. Waliita siku mbili, Mwalimu. Yeye yuko juu, anasikia. Akaogopa serikali... hakuitika."

"Kwa hiyo?"

"Sasa wanaita humu. Mara moja tu. Ukisikia jina lako, nyamaza, zima. Mimi nimenyamaza mara tatu. Nakusihi, chukua ile ya rimoti."

Bartholomeo alimtazama kama anavyomtazama mwimbaji aliyetoka nje ya sauti.

"Fundi mzima unaogopa mvumo. Waya wa ethi umelegea, unaniletea habari za mizimu."

Akalipa, akaipakia kwenye bajaji.

Alipofika nyumbani bado kulikuwa na mwanga kidogo uani. Mkewe, Mama Loveness, alikuwa bafuni, lile la mabati nyuma ya jiko. Maji yalisikika yakimwagika. Bartholomeo hakumsalimu. Alifunga waya za spika, akachomeka umeme.

Wajinga huchagua amplifaya kwa kuipigia muziki. Yeye alichagua kwa kimya. Huweki wimbo wowote, unafungua sauti mpaka mwisho, unabandika sikio kwenye spika. Mbovu huchemka kama mafuta ya maandazi. Nzuri hutulia tuli.

Hii ilitulia.

Ilitulia kupita kiasi. Kimya kile kilikuwa na kina, na kilizidi kushuka... Harufu ya udongo mbichi ikampata puani. Kisha harufu ya baruti.

Ngo... ngo... ngo...

Nyundo. Mbali, chini kabisa. Kisha pumzi ya mtu. Hapana, ya watu wengi.

"Bartholomeo..."

Nywele zilimsimama, na hilo likamkasirisha kuliko sauti yenyewe. Atishike yeye? Yule Maulidi ametega kidude humu ndani ili amcheke kesho!

"Naam!" akafoka. "Nimeitika! Haya nifanyeni, washenzi nyie!"

Nyundo zikanyamaza.

Akataka kucheka. Mdomo ulifunguka, kifua kikasukuma hewa, hakikutoka kitu. Akakohoa. Kikohozi hakikuwa na sauti. Akashika koo kwa mikono miwili, akalikuta zima, halina maumivu, ila ndani mlikuwa mtupu.

Kisha spika zikasafisha koo.

Vile vile anavyosafisha yeye kabla hajamwita mkewe.

Aling'oa waya wa umeme ukutani. Pumzi ziliendelea. Akakimbia uani, akaupiga mlango wa bafu kwa ngumi zote mbili, mabati yakapiga kelele.

"Nani?" Maji yaliacha kumwagika. "Nani hapo?"

Akapiga tena. Machozi yalikuwa yanamtoka. Usiitike, mke wangu. Safari hii tu, usinisikilize.

Watu wote wa huku wanalijua hili tangu utotoni: giza likiingia, ukiitwa mara moja, subiri ya pili. Binadamu hurudia. Mama Loveness aliingia katika ndoa akiwa na desturi hiyo, na Bartholomeo akamcheka kwa hilo mbele ya wageni, akaiita ujinga wa porini. Nyumbani mwangu naita mara moja, alimwambia. Kwa miaka ishirini na miwili alimfunza hivyo, kwa masimango, mpaka akafuzu.

"Mama Loveness!" sauti yake ikaita kutoka sebuleni. Hata dharau ilikuwamo.

"Abee, Baba Loveness!"

Hakuchelewa hata kidogo.

Komeo likafunguliwa. Mama Loveness alitoka na khanga yake, maji yakimchuruzika mabegani, akamwona mumewe amepiga magoti mlangoni. Akamuuliza kitu. Midomo ilicheza. Akauliza tena, kisha akajishika koo.

Bartholomeo alimshika miguu. Alikuwa na neno la kumwambia, neno ambalo hajawahi kumwambia tangu amwoe, na hakuwa na cha kulisemea.

Sebuleni spika zilikuwa zinafanya kazi. Sauti yake ilikuwa inamgombeza mkewe, polepole, neno kwa neno, na sauti ya mkewe ilikuwa inaomba radhi. Zote mbili zilisikika safi kabisa, bila mkwaruzo wowote.