Sekunde Sita za Clothilde

Kila siku aliposhuka kwenye basi la shule, Tania alipanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu, akaosha vyombo vilivyoachwa asubuhi, akabandika maharagwe jikoni, kisha akaketi mezani na simu yake. Baba yake, Papa Polycarpe, alirudi saa kumi jioni kutoka kwenye ghala la vipuri vya magari alikofanya kazi. Kabla hajafika, Tania alikuwa amekwisha kusoma kila habari ya Korongo.

Korongo ni jina ambalo wasemaji wa Kiswahili wa Garland, mji wa jimbo la Texas, Marekani, waliipa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya kulipwa, kwa sababu ya ndege mwenye miguu mirefu aliyechorwa kwenye jezi zao. Msimu huo walikuwa wamecheza mechi kumi na tano na kushinda mbili tu. Tania alipovaa jezi yao shuleni, wenzake walimcheka. Hata rafiki yake Gakii, ambaye wazazi wake walitoka Kenya, hakumwonea huruma.

"Bado unawashangilia hao?" Gakii alimuuliza. "Mimi ningeigeuza hiyo jezi tambara la kupigia deki."

Tania hakuthubutu. Katika timu hiyo alicheza Clothilde, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi na kukulia palepale Garland. Watoto wa Kikongo walimwita Yaya Clothilde, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Hata hivyo, Tania alikuwa amechoka kuchekwa kwa ajili yake.

Jumamosi moja Tania na vijana wenzake wa kanisa walikwenda kuwatazama Korongo wakicheza na timu kutoka Houston. Tania aliketi karibu na benchi la wachezaji. Kufikia robo ya tatu, Korongo walikuwa nyuma kwa pointi thelathini na moja. Pasi zilipotea ovyo, na mipira iligonga pete na kurudi. Tania aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikosa. Alipotupa macho kwenye benchi, akamwona Yaya Clothilde anacheka.

Hasira zilimpanda. Alikuwa tayari anarekodi, na aliendelea kurekodi mpaka Clothilde alipoinuka kurudi uwanjani.

Alipofika nyumbani aliitazama video yote, sekunde arobaini na nne. Mwanzoni alionekana mchezaji mdogo kuliko wote katika timu, amejifunika taulo usoni, mabega yakitetemeka kwa kulia. Clothilde alimwinamia, akamnong'oneza jambo, kisha akakunja uso kama bibi kizee aliyeonja ndimu. Yule mdogo akatoa taulo, akacheka huku machozi yakimtoka. Clothilde naye akacheka, akamshika mkono.

Tania aliyaona yote hayo. Lakini hasira yake ilikuwa bado mbichi. Alikata mwanzo, akakata mwisho, akabakiza sekunde sita za Clothilde anacheka peke yake. Chini yake akaandika: "Tunapigwa kwa pointi thelathini na moja, naye anacheka. Aone haya." Akaisambaza kwa jina la kubuni.

Kufikia Jumatatu, watu laki tatu walikuwa wameitazama. Siku ya kwanza Tania alifurahi. Siku ya pili alianza kusoma walichoandika. Mmoja alisema Clothilde anaharibu mechi kwa makusudi. Mwingine alisema arudishwe alikotoka. Wa tatu alimtukana mama yake, ambaye hakuwa hata uwanjani. Tania alijiuliza kwa hasira: Hao walikuwa nani, wasiomjua kabisa, wa kumwambia Clothilde arudi kwao? Kwao ni hapa.

Siku ya Jumatano, kila Clothilde alipogusa mpira, ukumbi mzima ulimzomea. Alhamisi timu ikatangaza kwamba hatacheza tena mpaka uongozi uamue kama atabaki.

"Si kosa lako," Gakii alimwambia wakati wa chakula cha mchana. Yeye peke yake alijua siri hiyo. "Matusi ni yao. Wewe ulisema anacheka, na kweli alicheka. Uongo uko wapi?"

Tania alisukuma sahani yake kando.

Jioni hiyo Papa Polycarpe alirudi amekunja uso. Alitupa funguo mezani, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Leo ghalani watu wamenionyesha ile video ya Clothilde, mtoto wa Mama Bertila," alisema. "Wanacheka. Wananiuliza, huyu ni ndugu yako? Nikawaambia ndiyo, ni ndugu yangu. Nilikaa na mama yake kambini miaka tisa. Huyo mtoto alikuwa anajifunza kudunda mpira kwenye vumbi, mpira wenyewe umepasuka. Leo mtu mmoja, amekaa kwake raha mustarehe, anamharibia jina. Ningemjua mtu huyo, ningemwuliza swali moja tu: Clothilde alikukosea nini?"

Tania alitazama mikono yake. "Hakunikosea kitu, Papa," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Papa hakuelewa mara moja. Tania alimpa simu. Mzee aliitazama video yote ya sekunde arobaini na nne, kisha akairudia tangu mwanzo. Tania alitamani agombezwe.

"Uliiona sehemu hii ya yule anayelia?" Papa aliuliza hatimaye.

"Niliiona."

"Kabla hujaikata?"

"Ndiyo, Papa."

"Vaa viatu."

Clothilde na mama yake walikaa mtaa wa pili. Mama Bertila aliwafungulia mlango, macho mekundu. Clothilde alikuwa sebuleni. Tania alisimama mbele yake akaeleza kila kitu, hata lile jina la kubuni, na kwamba rafiki yake Gakii peke yake ndiye aliyejua, kisha akaomba radhi.

Clothilde hakumkumbatia.

"Unajua nilimwambia nini yule mtoto?" aliuliza. "Ni mechi yake ya tatu tangu aanze kazi hii. Alikuwa ananiambia anataka kuacha. Nikamwambia mechi yangu ya kwanza nilitupa mpira kwenye kikapu chetu wenyewe, nikamwonyesha sura aliyonikunjia kocha. Basi, akacheka. Tumeshindwa mechi kumi na tano, Tania, na kila moja naenda nayo kitandani. Wewe ukawaambia watu sijali."

"Nisamehe, Yaya."

"Kwanza sema ukweli palepale uliposema uongo, na useme kwa jina lako. Huwezi kuwaambia watu laki tatu uongo, halafu ukweli uniambie mimi tu sebuleni."

Papa Polycarpe aliitikia kwa kichwa. "Ni haki."

Wakiwa palepale, Tania aliisambaza video yote. Aliandika: "Mimi Tania ndiye niliyeikata video ya kwanza. Clothilde alikuwa anamfariji mwenzake. Nililijua hilo, nikalificha kwa sababu nilikuwa na hasira." Matusi yalianza kumjia yeye, naye aliyasoma yote. Kesho yake uongozi wa timu uliitazama video yote, ukamrudisha Clothilde.

Lakini ukweli haukufika mbali kama ule uongo. Watu elfu ishirini tu ndio walioutazama. Jumamosi iliyofuata, Clothilde alipoingia uwanjani, wengine walipiga makofi, na wengine bado walimzomea. Nyuma ya Tania aliketi mwanamume mmoja mnene aliyezomea kuliko wote.

Papa, aliyeketi kando yake, alimgusa Tania begani. "Huyo ni wako," alisema.

Tania alisimama akamgeukia. "Samahani, bwana," alisema kwa Kiingereza. "Ile video niliikata mimi. Yote ni hii hapa."

Mtu yule alitaka kumfukuza, kisha akaipokea simu. Alitazama mpaka mwisho, akairudisha. Clothilde aliposhika tena mpira, mtu yule alikaa kimya. Clothilde alipofunga, mtu yule alipiga makofi.

Korongo walishindwa kwa pointi nne. Clothilde alifunga kumi na tisa. Alipokuwa akitoka uwanjani alipita karibu na Tania, akasimama. "Nimekuona ukiongea na yule bwana," alisema. "Njoo Jumanne mazoezini. Mlete na yule rafiki yako, Gakii."

Ndani ya gari, Tania alimsimulia Papa maneno ya Gakii: kwamba Tania hakuandika neno hata moja la uongo.

"Ni kweli hukuandika," Papa Polycarpe alijibu. "Lakini ukweli nao una viungo, mwanangu. Ukiukata kiungo, umedanganya, hata kama kilichobaki ni cha kweli. Hasira si dhambi. Mimi mwenyewe wiki hii nimekasirika sana. Ila usimhukumu mtu kabla hasira haijakuachia macho uone. Na ukishamharibia mtu jina, kulirudisha ni kazi yako, hata kama utalirudisha kwa mtu mmoja mmoja."