Nilijua Nameza Kidonge Kimoja kwa Siku

Nilimkuta Zaitun ameinamia glasi yangu ya juisi ya parachichi, anasaga kitu kwa mgongo wa kijiko.

Kitu cha pinki!

Yaani Zaitun huyu huyu, shoga yangu tangu darasa la pili, aliyekuwa anaibia Hesabu kwangu mpaka tukafeli wote wawili... anamimina unga kwenye juisi yangu, anakoroga, huku anachungulia mlango kama mwizi wa kuku!

Macho yetu yakagongana.

"Yasmini! Umetokaje ndani? Mwali hatakiwi jikoni!"

"Hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Zaitun, hicho ulichosaga ni nini?"

"Si... sukari."

"Sukari ya pinki?"

Akaificha glasi nyuma ya mgongo.

Jamani, ngoja niwape picha kwanza, maana mtanihukumu bure.

Mimi ni binti wa hapa hapa Kasulu mjini. Siku hiyo nilikuwa nimebakiza siku nane niolewe na Gharibu, muuza vitenge wa Kibondo, kijana ana ndevu zimechongwa utadhani zimepimwa kwa rula. Kwetu mwali akishawekwa ndani ndiyo basi. Hatoki, hapiki, hagusi sufuria. Kazi yake ni kusingwa, kufukizwa udi na kula anacholetewa. Kimepikwaje? Hayamhusu.

Asubuhi Mama ananiletea uji wa ulezi. Mchana shangazi Zena, aliyekuja kutoka Ujiji kunifunda, ananiletea supu. Alasiri Zaitun na juisi yake. Nikawa kama ng'ombe wa maonyesho ya Nane Nane!

Wiki ya kwanza raha mustarehe.

Wiki ya pili kichwa kikaanza kunigonga.

Wiki ya tatu... weee! Midomo imepasuka. Viganja vinabambuka kama ganda la kitunguu. Natapika kila nikila. Choo cheusi kama lami (samahani kwa unayekula).

Mama akasema ni husuda. Shangazi akasema ni hofu ya ndoa, eti hata yeye alitapika, na mumewe alikuwa mzuri kuliko wangu.

Sasa leo nimetoka kukimbilia chooni, nakuta unga wa pinki. Na kuna jambo nilikuwa nimelinyamazia siku zote. Kila Ijumaa Zaitun alikuwa ananipiga picha. "Geuka upande, simama wima." Na Ijumaa iliyopita simu yake iliita, nikaona jina kwenye kioo.

Gharibu.

Akaikata haraka, akasema ni mtu wa vocha.

Unganisha mwenyewe!

"Unaniwekea sumu!" nikapiga kelele. "Unanitoa roho ili uolewe wewe!"

"Yasmini, Wallahi si hivyo!"

"Mchawi wewe! Mchawiii!"

Majirani wakajaa uani. Mama akaja mbio na mwiko mkononi. Zaitun analia. Nikanyoosha kidole niwaonyeshe watu yule muuaji...

Sakafu ikapanda juu. Giza.

* * *

Nilizinduka hospitali, dripu mkononi. Mbele yangu amesimama nesi mmoja, sista Asnath, mama wa Mbeya aliyepangiwa kazi huku kwetu. Sauti yake ni ya paredi. Ukimsikia unataka kusimama wima hata kama una dripu.

"Binti, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

"Ya hospitali, ya dukani, ya mitishamba, ya kupewa na rafiki?"

"Sina, sista."

"Damu yako imeonyesha madini ya chuma mengi na ini linalalamika. Vitu hivyo havidondoki kutoka mbinguni. Nauliza mara ya mwisho!"

Nikaona aibu. Nikamwomba Mama anipe mkoba wangu, nikatoa kopo langu.

"Multivitamini tu. Kimoja kwa siku. Alinipa mchumba wangu, akaniambia nisizidishe."

Sista akasoma lebo, akafungua. Vidonge vya pinki, vina mstari katikati.

Mama akakohoa.

Mnajua kile kikohozi cha mtu mwenye kesi? Kile kile.

"Mama?"

Akaingiza mkono kwenye pindo la kitenge. Akatoa kopo. Kopo kama langu, ila limekwanguliwa lebo.

"Nilikuwa nakusagia viwili kwenye uji, mwanangu. Gharibu alisema wewe mwenyewe umeomba, ila unaona haya kuniambia."

"Mimi? Nimeomba?"

Shangazi Zena, ambaye tangu tufike hapo alikuwa anasoma nyiradi kwa sauti, ghafla akanyamaza.

"Shangazi... na wewe?"

"Viwili tu," akasema, akitazama dari. "Kwenye supu. Bwana harusi alinipigia, akasema mama yako anajua, nisimsumbue."

Kopo la tatu likatua kitandani. Halina lebo.

Wote tukamgeukia Zaitun, amekaa kwenye benchi kule mwisho, macho mekundu. Alikuja akaweka la nne. Hili mkwanguaji alichoka njiani, kipande cha karatasi kilibaki: "Kidonge kimoja kwa si..."

"Shemeji aliniambia viwili kila alasiri," akasema kwa sauti ya chini. "Na nimtumie picha kila Ijumaa aone maendeleo. Akasema shangazi yako ndiye amepanga, ni siri ya kumfurahisha mwali. Nikajua ni mambo ya kufundwa, mimi ni nani niulize?"

Sista Asnath akahesabu kwa vidole.

"Mama viwili, shangazi viwili, rafiki viwili, na mwenyewe kimoja. Vidonge saba! Kwa wiki tatu!"

"Lakini ni vitamini, sista," Mama akajitetea. "Si sawa na matunda?"

"Mama yangu, vitamini nyingine zikizidi unazikojoa, habari imekwisha. Nyingine hazitoki. Vitamini A inajilundika kwenye ini. Chuma nacho kinajaa mwilini. Ndiyo maana midomo inapasuka, ngozi inabambuka, anatapika. Na nyie mlitaka nini hasa?"

"Anenepe," shangazi akasema.

"Anenepe! Vitamini hazijazi nyonga, mama. Mtu hunenepa kwa chakula. Huyu mmempa chakula halafu mmempa cha kukitapikia!"

Natamani ningecheka. Kweli ilikuwa ya kuchekesha. Wanawake watatu wanaonipenda, kila mmoja na kopo lake, kila mmoja anamficha mwenzake.

Ila sikucheka. Nilikuwa natazama lile kopo langu lenye lebo.

Langu lina lebo. Mimi aliniambia kimoja.

Kwa hiyo alijua!

* * *

Nikampigia. Nikaweka sauti kubwa.

"Mwali wangu! Mwali hapigi simu bwana, unavunja mila," akacheka.

"Gharibu, niko hospitali."

"Eh! Una nini?"

"Vidonge saba kwa siku."

Nasikia pikipiki za Kibondo zinapita nyuma yake.

"Nani kakwambia?"

Mmesikia hilo swali? Hakuuliza vidonge gani. Hakuuliza naumwa nini. Nani kakwambia!

"Lebo ulikwangua wewe?"

"Yasmini, tulia nikueleze. Mama yangu alikuona siku ya posa, akasema mwanamke gani huyu, upepo wa Kibondo utambeba. Watu wangenicheka ukumbini. Nikasema wakikupa kimoja kimoja mpaka harusi hutakuwa umebadilika. Na nikimpa mmoja tu atasahau, au atakwambia. Nikawapa wote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. Na ndugu zangu, hapo ndipo ilipouma. Ule upole! Midomo iliyopasuka nilishaizoea.

Nikakata simu.

Nikamtazama Mama. Kadi zilishasambazwa mpaka Buhigwe. Ng'ombe kafungwa uani anakula majani yetu. Shangazi kashona gauni jipya.

"Mama, ndoa hakuna."

Nilitegemea kilio. Nilitegemea aniambie wanaume wote wana kasoro. Mama akafunga kitenge chake vizuri, akanyanyuka.

"Nani ataanza kuwaambia watu, mimi au wifi?"

"Mimi," akasema shangazi Zena. "Na nitaanza na mama yake. Anajua kusema watu wembamba, leo atasikia mtu mnene akisema!"

Nikabaki na Zaitun.

"Zai, nisamehe. Nilikuita mchawi."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Mbele ya mtaa mzima. Hata yule muuza samaki wa migebuka alikuwepo, na nilikuwa namtaka."

"Nisamehe, shoga."

"Na mimi nilikulisha kitu bila kukwambia, Yasmini. Tena mwezi mzima kasoro wiki. Nisamehe na wewe." Akapangusa pua. "Lakini bado nimekasirika. Nitakasirika mpaka Jumapili."

Nimelala hapo siku nne. Sista Asnath alinipima tena, akasema ini limeanza kutulia, nisimeze kidonge chochote mpaka aseme yeye.

Sasa wewe unayesoma hii. Vitamini si pipi, na wala si adui. Soma lebo. Ikisema kimoja, ni kimoja. Kopo halina lebo? Rudisha lilikotoka. Ukienda kliniki taja kila unachomeza, hata kama unaona aibu, maana mimi nisingeficha kile kimoja changu, tungejua mapema kuhusu vile sita.

Na mtu akikuletea kitu cha kumpa mwenzako kwa siri, hata kama ni kizuri, hata kama anampenda, mwambie hivi: "Kampe mwenyewe, mbele yangu, umwambie ni nini."

Akisita, umeshapata jibu.