Mwaka Ulioandikwa Ukingoni

Jirani yangu Kasoki ni mfua fedha pale Ndosho: pete, hereni, bangili. Asubuhi sisi wa mtaa hujazana kwenye kibanda chake kuomba makaa ya moto, naye hututania kwamba tutamaliza jehanamu yake.

Sarafu ya kisa hiki aliileta marehemu mumewe, Tuyisenge, aliyeikuta akichimba msingi wa nyumba mtaa wa Murara, chini ya mawe ya volkano. Ilikuwa nyembamba, imetobolewa ili ivaliwe shingoni, na maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Kasoki aliidondosha juu ya jiwe, akasikiliza mlio. Fedha safi. Ukingo ulikuwa umelika kwa vidole vya watu wengi, jambo ambalo tupa ya kusugulia chuma haiwezi kuliiga.

Sote watatu tukaipeleka kwa maalimu Amuri wa msikitini. Alisema herufi zile zisizo na nukta ni za kale, zaidi ya miaka elfu, na watu wa enzi hizo waliandika mwaka kwa maneno, kuzunguka ukingo. Akaufuata kwa ukucha: sita, na arobaini, na mia nne, na elfu. Akacheka. Ulikuwa mwaka uleule wa Kiislamu tuliokuwa nao.

"Ilikudanganya, papa. Hii ni ya bandia," akamwambia Tuyisenge.

Tuyisenge naye akacheka, akaivaa. Kabla mwaka huo haujaisha tulimzika. Daktari hakuona ugonjwa.

Élodie, binti yao wa pekee, akaomba avae ukumbusho wa baba. Hata mimi ningempa. Mwaka mpya wa Kiislamu ukaingia, na mtoto akaacha kula. Pale sarafu ilipomgusa, ngozi ilikuwa baridi kama maji ya ziwa alfajiri.

Kasoki akaivua, tukarudi kwa maalimu mchana kweupe. Ukucha ukazunguka ukingo. Ukasimama.

"Saba," akanong'ona. "Mbele, ile siku ya kwanza, nilisoma sita."

Hakuna aliyecheka.

"Mama Élodie, rudisha ile kitu kwenye ilitoka," maalimu akamwambia Kasoki.

"Ilikula bwana yangu. Mutoto yangu, hapana! Nitaitia moto."

"Ukiitia moto, itakuchukia weye."

"Inichukie. Inijue na sura."

Tukarudi kibandani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaitia kwenye chungu cha kuyeyushia, akavukuta moto kwa mifuo. Makaa yakawa meupe. Sarafu ikagoma. Kasoki akaitukana, akavukuta tena. Ikalainika. Kisha ikatoa sauti. Sauti ya mtu mzima. Sijui Kiarabu, lakini mtu akihesabu namjua.

Akaifua ikawa bangili laini. Jioni ile Élodie aliomba fufu, akasafisha sahani.

Nikamsihi Kasoki aitupe ziwani.

"Ili mutoto ya mwengine aiokote?" akasema, akaivaa mwenyewe.

Sasa kila Jumapili baada ya misa huketi mlangoni na tupa. Maandishi yale hurudi juu ya bangili, yakitoka ndani ya fedha, bila nukta. Hupiga tupa mpaka yafutike. Bangili inakonda. Mkono wake umekuwa baridi mpaka kwenye kiwiko, na ninamwogopea.

Jana nilimuuliza itakuwaje mwaka ukigeuka. Akapuliza vumbi la fedha likaanguka kizingitini.

"Tutaona nani njo ataisha mbele, miye ao hii bangili."

Leo asubuhi vumbi lile lilikuwa limejipanga mduara, herufi kwa herufi. Kasoki alilitazama. Akamwita Élodie, akampa ufagio: "Fagia, ni uchafu tu."