Neno la Tobias Jikoni kwa Philippa

Walikutana stesheni ya Leeds, jioni, watu wakisukumana kuwahi treni. Lorna Ogden, koti jekundu, nywele zimetimuka kwa upepo, alimmwagia Tobias Fairclough chai kifuani.

"Mungu wangu! Samahani, kaka. Na nilivyo, nywele kama kiota!"

"Unkempt," Tobias alicheka akijifuta. "Leo ni mtu aliye ovyoovyo. Zamani lilimaanisha tu mtu ambaye hajachana nywele."

"Makubwa! Nimekuunguza, nawe unanipa somo?"

Tobias alikuwa mtunga kamusi. Kazi yake ilikuwa kutafuta asili ya maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa 'un-' ya kukanusha. Lorna aliuza vitambaa vya mapazia sokoni. Haikupita miezi mingi, wakawa hawalali bila kupigiana simu.

"Nipe neno la leo, kipenzi," Lorna alikuwa akimwambia, naye alimpa, na vicheko vikafuata.

Jumapili moja Tobias akampeleka Harrogate, kwa dada yake Philippa, kula chakula cha mchana. Lorna alivaa gauni la kijani lenye maua makubwa. Alicheka mpaka glasi zikalia, akafuta sahani yake kwa mkate. Philippa akainua nyusi. Tobias alihisi masikio yanawaka moto, akamfuata dada yake jikoni.

"Mvumilie, Pippa. Ni uncouth kidogo."

Neno hilo Waingereza wa leo humpa mtu mshamba, asiye na adabu. Lorna alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

Ndani ya treni ya kurudi, Tobias alijitetea. "Sikiliza, laazizi. Asili yake ni 'asiyejulikana' tu. Nilimaanisha dada hajakuzoea."

"Lilikuwa na maana hiyo lini?"

"Kama miaka elfu iliyopita."

"Wewe umelisema leo mchana, Tobias."

Abiria wa mbele yao alijifanya anasoma gazeti. Lorna alishuka kituo kilichofuata, bila kuaga.

Simu za Tobias hazikupokelewa. Kilichomtafuna Tobias zaidi ya lile neno ni kwamba alitumia elimu yake kujificha. Ofisini alishindwa hata kuwatazama wenzake usoni.

Jumamosi akaenda sokoni. Lorna alikuwa anampimia mteja kitambaa.

"Sina pazia la saizi yako," alisema bila kugeuka.

"Nilikudanganya. Nilimaanisha ushamba. Niliona Pippa ameinua nyusi, nikakuonea aibu. Nikakuuza ili nisichekwe."

Lorna akaweka mkasi chini.

"Mpigie dada yako. Mwambie hivyohivyo. Hapahapa, weka spika."

Tobias alipiga, akasema yote. Sauti ya Philippa ikatoka, ndogo.

"Toby, mimi nilimwonea wivu. Tangu niolewe sijawahi kucheka vile katika nyumba hii. Yuko hapo? Wifi, unanisikia? Nisamehe na mimi."

Lorna aliuma mdomo. "Nakusikia, wifi."

Tobias alitamani ardhi immeze. Alikuwa amemdharau mwanamke anayempenda kwa dharau ambayo hata dada yake hakuwa nayo. Ilikuwa yake mwenyewe, yote.

"Sijakusamehe," Lorna alisema simu ilipokatika.

"Najua."

"Lakini usiondoke."

Tobias akasimama kando yake mpaka soko likafungwa, uso ungali unawaka kwa aibu, akimshikia pini.