Joto la Kuondoka Nalo

Duka la vipuri lilikuwa limefurika saa sita ile, kila mtu anampigia kelele mwenye kaunta, na pampu ya maji imebaki moja tu. Mikono miwili ikaishika kwa pamoja.

"Kaka, achia," alisema Barafu. Ndivyo mjini walivyomwita fundi huyo wa viyoyozi, na wala si kwa upole wake. Alivaa ovaroli ya buluu, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni, kitambaa chekundu kichwani.

"Dada, nimeitangulia mimi." Mwanamume mwenyewe shati jeupe la kitani, ndevu zimechongwa vizuri kuliko adabu zake.

"Unajua hata inafungwa wapi?"

"Fundi wangu atajua."

"Fundi wako nani?"

"Sijampata bado."

Duka zima likaangua kicheko. Mwenye kaunta, aliyekwisha kuwachoka, akamnyooshea Barafu kidole. "Fundi ndiye huyo. Chukuaneni mwende zenu!"

Basi ikaanza hivyo, kwa shari. Nahodha, jina la dhihaka ambalo Barafu alimbandika mwanamume huyo, aliishi kwenye boti ya tanga gatini, katika chumba kimoja chini ya sitaha, joto humo utadhani umeingia kwenye sufuria. Alitaka mtambo mmoja wa kutoa baridi na joto. Boti ikapandishwa nchi kavu, na Barafu aliposhika keekee, mwenye boti akaruka.

"Unatoboa boti yangu?"

"Mtambo unapozwa na maji ya bahari, babu. Yaingilie wapi, puani mwako? Naweka koki hapa. Ukiwasha mtambo, koki iwe wazi. Umesikia?"

"Nina masikio."

"Nayaona. Makubwa."

Boti ikarudishwa majini, kazi ikaendelea, na ugomvi nao ukaendelea. Lakini kila jioni simu iliita.

"Umefika nyumbani, mchokozi wangu?"

"Nimefika. Niache, sina hamu na sauti yako."

Wala hakukata. Alimpenda jamani, akajichukia kwa kumpenda mtu mbishi kiasi kile.

Siku moja, akiunga nyaya za upande wa joto, akauliza, "Na hili joto la nini? Mji huu tunakaangika."

Nahodha akaangalia chini. "Ninakokwenda kuna theluji."

"Unakwenda lini?"

"Mtambo ukikamilika."

"Ulikuwa unasubiri nini kuniambia? Nimalize kukaza skrubu?"

"Niliogopa utaniacha."

"Kumbe wa kuacha watu ni wewe!"

Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa akimtengenezea mwanamume wake safari ya kumkimbia. Akaimaliza kazi, akaijaribu, akaondoka bila kuaga. Simu za jioni hakuzipokea tena.

Hadi asubuhi moja, akiwa juu ya ngazi kwa mteja, alipopokea bila kutazama ni nani.

"Pampu imeungua!" Nahodha alifoka. "Umeiharibu makusudi ili nisiondoke!"

Barafu alishuka ngazi. Angetukanwa mamaake asingeumia vile. "Nisubiri hapohapo," alisema.

Aliingia botini bila salamu, akainua ubao wa sakafu, akamulika tochi.

"Koki imefungwa. Nani kaifunga?"

"Mimi. Kabla ya kulala nafunga matundu yote ya boti. Baba alinifundisha hivyo."

"Ukafunga maji, ukalala mtambo unawaka. Pampu imezunguka kavu mpaka ikaungua. Na mbaya ukaniona mimi!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Mpenzi wako nani? Lete spana."

Akafunga pampu mpya aliyoipitia dukani, akafungua koki, akawasha joto kulijaribu. Chumba kikawa tanuri. Shati la kitani likamganda Nahodha mgongoni.

"Nioe nikuoe, sijui inasemwaje," alisema akihema. "Twende wote."

Barafu alivua kitambaa, akajifuta uso. "Nikwambie kweli? Niliwaza kuiharibu. Nilishika spana, nikasema nilegeze hapa kidogo, asiende popote. Mkono ukakataa. Na wewe, bila hata kuniuliza, ukaamini nimefanya. Nitalalaje na mtu kama huyo katikati ya bahari?"

"Basi siendi. Nabaki hapa na wewe."

"Utakwenda! Ukibaki, siku tukigombana juu ya chumvi utaniambia ni mimi niliyekuzuia. Nakupenda, mjinga wewe, lakini siwezi kuishi nikiisubiri siku hiyo."

Akabeba sanduku lake la vifaa, akapanda juu. Alipofika getini, kwenye msukosuko wa wapagazi na magari, simu ikaita.

"Barafu..." Nahodha alikuwa akihema. "Hili joto linazimwaje?"

Akasimama palepale, watu wakimpiga vikumbo. Akamwelekeza kitufe kimoja baada ya kingine, machozi yakimtiririka, sauti yake haitikisiki hata kidogo.

"Limezima?"

"Limezima."

Na hakuna aliyekata simu.