Gari Chini ya Mkilua

Hind aliingia gari isiyo yake mchana kweupe, mbele ya bandari nzima ya Mkoani, tena na mama yake mzazi pembeni. Boti ya Unguja ndiyo kwanza imefika. Makuli wanapigiana kelele, masanduku yanapita juu ya vichwa vya watu, kila mtu anamtafuta mtu wake. Hamzah, kaka yake Hind, alikuwa amempigia simu: gari nimekukodieni, ndogo, nyeupe, iko karibu na geti. Sasa niambieni nyie, Pemba hii gari ndogo nyeupe ziko ngapi? Hind akaiendea ya kwanza aliyoiona, akamkalisha mama yake, Bi Masika, mbele, yeye akajibana nyuma na mabegi, akajipangusa jasho kwa ncha ya mtandio wake wa zambarau.

"Twende Wete, kaka. Na usikimbize, mama ana pumu."

Kijana aliyekuwa kwenye usukani aligeuka, andazi nusu mkononi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na kofia ya kiua iliyokaa upande kidogo. Alimtazama yule mama, akamtazama binti, akameza andazi lake.

"Wete?"

"Ndiyo, Wete. Kwani hukuambiwa?"

"Nishaambiwa sasa," akasema, akawasha gari.

Jina lake Zahran. Alikuwa na duka la dawa Chake Chake, na pale bandarini alifuata maboksi yake ya dawa tu. Akamwashiria kuli mmoja amwekee mpaka arudi, akashika njia. Safari nzima Bi Masika alimfanya dereva kwelikweli: funga kioo, fungua kioo, punguza mwendo, hapa pana shimo. Ulikuwa mwaka ule baada ya uchaguzi kurudiwa, watu bado wanaulizana chama kabla ya jina, na Bi Masika hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni.

"Weye mwanangu, chama gani?"

"Mie dereva tu, Bi."

"Ee, hilo ndilo jibu la mtu mwenye akili."

Hind alicheka kule nyuma. Alipoinua macho akayakuta ya Zahran kwenye kioo yanamsubiri, akageuka haraka kutazama mikarafuu.

Walipofika Wete, Bi Masika akaonyesha kidole ukutani. "Iweke hapo kivulini, mwanangu, chini ya mkilua. Jua litaichoma." Zahran akaiweka. Hajazima hata mashine, simu ya Hind ikalia. Ni Hamzah, anafoka: "Mko wapi nyie? Dereva anakungojeeni getini Mkoani mpaka saa hizi!"

Hind alitamani ardhi ipasuke.

"Kumbe weye si dereva!"

"Leo nimekuwa."

"Na mbona hukusema?"

"Ulinipa amri. Mie nikiamrishwa na macho kama yale, sijui kukataa."

"Lo! Mtu mzima hana haya," akasema Hind, lakini aliingia ndani akajikwaa kizingitini, na Bi Masika aliona.

Mapenzi yao yakaanzia hapo. Hind alikuwa mwalimu wa skuli, na kila jioni akimaliza kusahihisha madaftari simu ililia.

"Dereva hapa. Abiria wangu hajambo?"

"Abiria hajambo, ila anadai jibu. Jana ulikata simu hujaniambia unanipenda."

"Nilikuwa na wateja watatu mbele yangu, habibti! Nimwambie bibi wa watu anywe dawa kutwa mara tatu, na wewe nakupenda?"

"Ungesema. Angepona mapema."

Kila Ijumaa baada ya sala Zahran alikwenda Wete kuwasalimia, na kila Ijumaa Bi Masika alisema vilevile: weka gari kivulini. Mkilua wake ulikuwa mkubwa, umeinama juu ya ukuta, na msimu ukifika ulimwaga maua juu ya gari yote. Kilua mnakijua. Ni ua dogo la petali nyembamba, mwanamke hulitia kwenye nywele au hulikunja ndani ya kanga anapokwenda kwa mumewe, na hata likikauka harufu yake haiishi. Zahran akitaka kuondoka aliyafagia kwa mkono kwenye kioo cha mbele, yaliyobaki akayaacha pale chini ya waipa. Nani angejali maua? Posa ikapelekwa, ikakubaliwa, Hind akavaa pete.

Kisha ikaja siku ya kwenda Gombani kutazama nyumba ya kupanga.

Barabara ya Chake ilikuwa inachimbwa, vumbi limefunga njia. Zahran alizoea kuendesha na vioo wazi, kiyoyozi alikiona anasa, lakini siku ile kwa ajili ya pumu ya Bi Masika alifunga vioo vyote akakiwasha. Hewa ikatoka. Na ndani ya hewa, harufu tamu, nzito, ya chumbani.

Bi Masika kutoka siti ya nyuma akanusa. "Kilua! Nani kavaa kilua humu?"

Hind hakuvaa. Mkilua wa nyumbani ulikuwa umekwisha maua mwezi mzima uliopita, umebaki majani matupu. Akainama kama anatafuta mkoba wake, akapapasa chini ya siti, akapapasa mlangoni. Hakukuta hata petali moja. Shaka ikamwingia, na mnapaswa kujua kwa nini. Baba yake, Mungu amrehemu, alioa mke wa pili kimya kimya, na Bi Masika aliijua habari ile kwa udi wa nyumba nyingine kwenye kanzu ya mumewe. Hind alikuwa mtoto, lakini kilio cha mama yake siku ile alikisikia.

Gombani, Bi Masika alibaki barazani anazungumza na jirani. Hind akamfuata Zahran jikoni, kwenye ile nyumba tupu inayonuka chokaa.

"Nani kakaa kwenye siti yangu?"

"Hakuna, roho yangu."

"Kilua hakipandi gari peke yake, Zahran."

"Hata mie nimeisikia hiyo harufu. Wallahi sijui imetoka wapi."

"Hujui! Na mbona ulikimbilia kiyoyozi mara tu tulipoingia? Siku zote hukiwashi. Ulitaka kuifukuza harufu ya nani?"

"Vumbi, Hind! Mama yako ana pumu!"

"Usimtie mama yangu katika mambo yako."

Zahran alikuwa mtu wa masihara, lakini chini ya masihara yale palikuwa na kiburi, na siku ile kiburi kikasimama. "Nimeapa," akasema. "Sina cha kuongeza juu ya kiapo. Waniamini au huniamini?"

Hapo, jamani, hapo ndipo. Neno moja tu lilitakiwa. Hind alitaka kulisema, akakumbuka kanzu ya baba yake, akalimeza.

"Nirejeshe nyumbani."

Wiki ile ile pete ikarudi Chake Chake mkononi mwa Hamzah. Zahran alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, akapiga usiku, mpaka Hind akaifungia namba yake. Haukupita muda ikasikika kwamba amekabidhi duka kwa mdogo wake na anakwenda Maskati kwa mjomba. Gari akaiuza. Na aliyeinunua, kwa kuwa walikuwa wameshakuwa marafiki, na kwa kuwa aliona dada yake amefanya upuuzi, ni Hamzah.

"Umekosa gari nyingine kisiwa kizima?" Hind alimpigia kelele.

"Gari haina kosa. Na mwenye gari sijui kama alikuwa nalo."

Mwaka ukapita na zaidi. Gari ikawa inalala pale pale chini ya mkilua, na Hind haipandi. Akienda Chake atatembea mpaka stendi, jua liwake, mvua inyeshe. Wachumba wawili walikuja, akawakataa, akisema hana haraka. Usiku alijiambia kwamba aliokoka, lakini hata yeye mwenyewe hakuamini.

Kisha pumu ya Bi Masika ikazidi. Kila akitolewa hospitali na gari ya Hamzah anafika nyumbani anakohoa kuliko alivyokwenda. Daktari akauliza kuhusu vumbi, na fundi mmoja akamwambia Hamzah: badilisha filta ya kiyoyozi, ile inayochuja hewa ya ndani, inaonekana haijaguswa tangu gari itoke Japani. Hamzah akaleta filta mpya kutoka dukani, akaiacha juu ya meza, kila siku akisema kesho, kesho. Jumamosi moja Hind akachoka kuitazama. Akajifunga kanga kiunoni, akaweka video kwenye simu, akafungua mlango wa gari ambao hakuwahi kuufungua tena tangu Gombani.

Kazi yenyewe ndogo. Akatoa makaratasi yaliyokuwemo kwenye droo ya mbele ya abiria, akaibana pande mbili kama video ilivyosema, droo ikaachia ikaning'inia. Nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki chenye vibanio viwili. Akavibonyeza, kikatoka. Akaishika filta ya zamani kwa ncha za vidole, akaivuta polepole isimwage vumbi.

Harufu ikatangulia.

Juu ya filta, katikati ya vumbi na majani makavu, palijaa vilua. Vimekauka, vimekuwa rangi ya kahawia, vimejipanga katika mikunjo ya karatasi, vingi mno. Hind akainua uso. Juu ya kioo cha mbele, pale chini ya waipa panapoingia hewa, petali mbili za leo zilikuwa zimekwama. Akatazama juu zaidi, akauona mkilua wa mama yake umeinama, umejaa maua.

Alikaa chini kwenye mchanga, filta mapajani. Alikumbuka kila Ijumaa. Alikumbuka kiapo. Alisema, "Ya Rabbi, nimefanya nini," akasema tena, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Ilimbidi kwanza aifungue ile namba aliyoifungia. Simu ikaita sana.

"Haloo?"

"Abiria hapa," akasema Hind.

Kule Maskati mlango ukasikika unafungwa.

"Dereva kaacha kazi, Hind."

"Zahran, nisikilize. Nimefungua filta ya gari..."

"Umeviona," akasema.

Hakuuliza nini.

"Ulijua?"

"Nilivikuta siku ya kumpelekea Hamzah gari. Nilitaka nimsafishie kila kitu. Nilicheka kwanza, kisha nikalia, mtu mzima mie, peke yangu gereji. Nikavirudisha mahali pake."

"Kwa nini? Ungeniletea! Ungenitupia usoni!"

"Ningekuletea, ungeniamini. Na mara ya pili ningekuletea nini? Nilitaka uniamini mie, si filta." Akavuta pumzi. "Nilikuwa na hasira. Nikasema akinitaka ataniuliza. Nikangoja mpaka Ramadhani iliyopita. Na mie nilikosa, usidhani sijui. Kiburi hiki kimenigharimu."

"Nisamehe."

"Nishakusamehe zamani."

"Basi rudi. Zahran, rudi. Sijakubali mtu mwengine, waulize watu wa Wete wote. Nakupenda leo kuliko siku ile ya Mkoani."

Zahran akashusha sauti.

"Nimeposa, Hind. Binti wa watu, huku huku. Ndoa mfungo mosi, Ramadhani ikisha, inshallah."

"Posa huvunjwa!" Hakujali tena haya. "Mie si niliivunja?"

"Ndiyo maana sivunji mie," akasema taratibu. "Najua mtu akirejeshewa pete anakaaje. Yeye hajanikosea kitu."

Hind alifunika mdomo kwa kanga. Angekuwa mwanamume mwengine angemtukana, na ingekuwa rahisi. Lakini huyu ndiye yule yule aliyemtaka, na kwa sababu ile ile aliyomtakia hatampata tena.

"Bi Masika hajambo?" Zahran akauliza.

"Anakohoa. Ndiyo maana nabadilisha."

"Basi uitie vizuri. Mshale uliochorwa ubavuni uangalie chini. Na gari msiiweke tena chini ya mkilua."

"Mama hatakubali. Atasema jua litaichoma."

Akacheka, kidogo tu, kile kicheko cha jioni za zamani. "Kwaheri, abiria," akasema, akakata.

Hind alivichambua vilua kimoja kimoja kutoka kwenye vumbi, akavifunga katika pindo la kanga. Akaiingiza filta mpya, nyeupe, mshale chini. Akarudisha kifuniko, akapandisha droo. Akakaa kwenye usukani, akafunga vioo vyote, akawasha kiyoyozi mpaka mwisho.

Bi Masika akatoka ndani na bakora yake, akaingia upande wa abiria, akafunga mlango. Akanusa kulia, akanusa kushoto, akavuta pumzi ndefu bila ya kukohoa.

"Alhamdulillahi," akasema, akamshika mwanawe bega. "Haina harufu hata kidogo."

Hind akaweka kichwa juu ya usukani, akalia mbele ya mama yake kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.